Nyangumi wa Ambari na Usemi wa Mama Yake

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Watu wa pwani twaijua ambari tangu zamani. Bibi zetu huitia katika udi, na wafanya biashara waliipeleka Arabuni zaidi ya miaka elfu iliyopita. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad wa karne ya 10, aliandika kwamba ambari iliyo bora ni ile ya bahari ya Zenji. Lakini ni wachache kati yetu wamjuao mnyama aitoaye. Ambari hufanyika matumboni mwa nyangumi mwenye meno, alaye ngisi. Katika insha hii nitamwita nyangumi wa ambari.

Dume lake hufika urefu wa mita 16, na jike mita 11. Ubongo wake, wenye uzito wa kilo 8 hivi, wapita ubongo wa mnyama ye yote duniani. Huweza kuzama zaidi ya mita 1,000, akakaa chini kwa muda wa saa nzima bila ya kuvuta pumzi. Huko chini ni giza tupu, kwa hiyo hutafuta ngisi kwa sauti: hutoa milio mifupi kama mtu agongaye ubao, kisha akasikiliza mwangwi.

Ukubwa huo haukumwokoa na binadamu. Mafuta ya kichwani mwake yalitafutwa sana kwa taa, mishumaa na mashine. Katika karne ya 20 peke yake waliuawa nyangumi wa ambari zaidi ya 700,000. Mwaka 1982 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi iliazimia kusimamisha uwindaji wa biashara, na amri hiyo ikaanza kutumika mwaka 1986. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1979, Tume hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kuifanya Bahari ya Hindi kuwa mahali pa amani kwa nyangumi. Waliotoa shauri hilo walikuwa Shelisheli, jirani zetu, nchi ya visiwa vidogo na wavuvi kama sisi. Nilipoyasoma hayo nilifurahi sana.

Ndipo wataalamu walipojiuliza: twawezaje kumjua mnyama huyu pasipo kumwua? Maana zamani mengi yaliyojulikana juu yake yalitokana na maiti zilizopasuliwa na wawindaji. Basi katika mwaka 1982 Hal Whitehead na wenzake waliingia baharini karibu na Sri Lanka kwa chombo kidogo cha tanga, jina lake Tulip. Walitumbukiza majini chombo cha kusikilizia, wakawafuata nyangumi kwa sauti zao mchana na usiku. Baadaye mwanafunzi wake, Shane Gero, alifuata njia hiyo hiyo katika kisiwa cha Dominica, bahari ya Karibea. Alianza mwaka 2005, na kazi yake imeendelea miaka mingi. Kila nyangumi hutambuliwa kwa alama na mapengo ya mkia wake, akapewa jina. Mmoja wao ni mama aitwaye Fingers, yaani Vidole.

Na waligundua nini? Kwanza, jike hukaa na mama yake, bibi yake na dada za mama yake maisha yake yote. Mtoto mchanga hawezi kuzama mbali. Kwa hiyo mama akienda kutafuta chakula, mwingine hubaki juu pamoja na mtoto. Pili, wao husemezana kwa mafungu ya milio. Nyangumi wa Dominica wana fungu moja walitumialo sana: ko... ko... kokoko. Milio miwili ya pole pole, kisha mitatu ya haraka. Mtoto huanza kwa kubabaika kama watoto wetu, na huchukua kama miaka miwili hata aweze kulisema sawasawa. Tena katika visiwa hivyo hivyo uko ukoo mwingine wenye usemi mwingine, nazo koo hizo mbili hazichangamani, ijapokuwa maji ni yale yale. Mwaka 2024 wataalamu wa kundi liitwalo Project CETI walichungua kwa kompyuta mafungu karibu 9,000 ya milio. Waliona kwamba nyangumi hubadili mwendo wa milio, hurefusha na kufupisha, na huongeza mlio mmoja mahali fulani, kwa taratibu nyingi kuliko ilivyodhaniwa.

Ndugu wasomaji, hapa ndipo jambo hili liliponigusa. Mimi ni mtu wa Pemba. Nilipofika bwenini katika Kidato cha Kwanza, nilikuwa sijamaliza sentensi moja wenzangu wakacheka. Siwalaumu, maana nami niliwacheka wao. Sasa ni mwaka wa nne. Nikienda likizo, bibi yangu husema, "Mjukuu wangu, wasema kibara." Husema akitabasamu, lakini nimeona kwamba hasemi kwa mzaha tu.

Dume la nyangumi huyu nalo huiacha jamaa yake likiwa kijana, mara nyingi baada ya kupita umri wa miaka kumi. Husafiri mpaka bahari za baridi karibu na ncha za dunia, wala halirudi tena kukaa na mama yake. Hiyo ndiyo desturi yake. Lakini sisi wanafunzi hatukuumbiwa desturi hiyo. Wako wasemao kwamba aliyesoma ni yule aliyekwenda mbali asirudi. Mimi sikubali. Elimu imfanyayo mtu asiweze kusikia usemi wa mama yake imempa kitu na kumnyang'anya kingine.

Tena nimejifunza kwamba kulinda si kuhesabu vichwa tu. Nyingi katika jamaa zile za Dominica zimepungua katika miaka hii, ijapokuwa hakuna awapigaye chusa. Meli huwagonga, nyavu huwanasa, takataka za plastiki huingia matumboni mwao, na kelele za injini huzisumbua sauti zao. Mwezi wa Novemba mwaka 2023 serikali ya Dominica ilitangaza hifadhi ya nyangumi hao yenye ukubwa wa kilomita za mraba karibu 800, magharibi ya kisiwa. Shabaha yake ni kuziongoza meli kubwa katika njia maalumu na kuzuia uvuvi mkubwa wa biashara, bila ya kumfukuza mvuvi mdogo. Nani angejua mahali pa kuweka mpaka huo kama hapangekuwa na watu waliokaa wakisikiliza mwaka baada ya mwaka?

Bahari yetu ina amri tangu mwaka 1979, lakini amri haina masikio. Amri yaweza kuzuia chusa. Haiwezi kumjua Vidole kwa mkia wake. Kazi hiyo yataka watu, nami natamani niwe mmoja wao. Baba angependa nijifunze uhasibu, naye ana sababu nzuri, kwani tuko watoto sita. Mtihani ukipita tutazungumza.

Wakati huo haujafika, lakini iko kazi moja isiyohitaji cheti. Babu yangu ajua majina ya pepo, mikondo na miamba ya kuvulia ambayo sijayaona katika kitabu changu cho chote, naye ana miaka 78. Likizo hii nitakwenda na daftari. Nitamwomba ayataje, nami nitayaandika kama yeye ayatamkavyo.