Mafuta ya Ngozi Njiani Muleba

Panda gari asubuhi pale Bukoba mjini, uelekee kusini kwenda Muleba. Utapita Kemondo penye bandari, kisha Muhutwe. Njiani utaona migomba na mibuni. Utaona pia rweya, yaani mbuga ya majani wanakolishia ng'ombe.

Teremka penye machinjio ya kijiji. Hapo utaona ngozi imewambwa kivulini kwenye fremu ya miti. Mtu anaikwangua kwa kisu. Vipande vya nyama na mafuta vinaanguka chini, mbwa na kunguru wanavigombania.

Usiidharau kazi hiyo. Bukoba hupata mvua zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka. Ngozi yenye mafuta haikauki upesi katika unyevu huo. Huoza, na manyoya hunyonyoka. Mimi mwenyewe nilipoanza kazi nilimwambia mzee mmoja aianike ngozi yake chini, juani, bila kuikwangua vizuri. Siku ya tatu ilinuka. Mnunuzi aliikataa, na mzee alikuwa ameitegemea kwa daftari na sare za mjukuu wake. Mpaka leo tukikutana huniuliza, "Bwana Shamba, ngozi yangu imeshakauka?"

Jirani na machinjio hayo pana mashine ya kusaga. Siku niliyopita ilikuwa kimya, dizeli imekwisha. Akina mama walikuwa wamekaa na vikapu vyao vya mahindi na muhogo. Mmoja akaniuliza, "Bwana Shamba, mafuta haya tunayowaachia mbwa hayawezi kuiendesha?" Wenzake walicheka. Lakini swali lake halikuwa la kuchekwa.

Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, Ufaransa, injini aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mafuta ya wanyama pia hugeuzwa dizeli. Kiwanda cha ngozi hukwangua ngozi nyingi kwa siku, kwa hiyo mafuta hukusanyika. Huyeyushwa, huchujwa na kuondolewa maji. Kisha huchanganywa na spiriti iitwayo methanoli pamoja na soda kali, katika joto la nyuzi 60 hivi. Yakitulia, dizeli hukaa juu na gliserini huzama chini. Dizeli hiyo huoshwa kwa maji na kukaushwa.

Usijaribu kazi hiyo jikoni. Methanoli ikinywewa hupofusha na huua, na mvuke wake hushika moto upesi. Mafuta yaliyovunda nayo hugeuka sabuni ndani ya pipa. Tena mafuta ya ngozi moja hayajazi hata chupa. Mashine ya kijiji ingengoja ng'ombe wangapi?

Basi nilimweleza yule mama habari za sabuni. Kilo 1 ya mafuta safi ya ng'ombe huhitaji gramu 130 za soda kali na maji theluthi moja ya lita. Vaa glavu. Tia soda ndani ya maji. Usimimine maji juu ya soda, yataruka na kukuunguza. Usitumie sufuria ya alumini. Soda na mafuta vikiwa vuguvugu, changanya, ukoroge mpaka uwe kama uji mzito. Mimina kwenye kisanduku, kata kesho yake, uache wiki 4 kabla ya kufulia.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Sabuni nimeielewa. Na uji wa watoto leo?"

Sikuwa na la kumjibu. Tulikaa pale mpaka saa kumi, kijana mmoja akafika na dumu la dizeli juu ya baiskeli.