Vitabu vya Alhamisi

Watoto wa Ngamiani, Tanga, wakitoka shule huenda chuoni kusoma Kurani, na vyuo vyetu hufungwa Alhamisi na Ijumaa. Ndiyo maana klabu ya vitabu ya shule yetu ya msingi hukutana Alhamisi baada ya masomo, na imekuwa hivyo tangu mwishoni mwa miaka ya tisini nilipokabidhiwa kuilea. Siku haijawahi kubadilika. Kilichobadilika, tena zaidi ya mara moja, ni namna tunavyochagua vitabu.

Mwanzoni hapakuwa na kuchagua. Palikuwa na boksi la msaada kutoka Uingereza, lililokaa ofisini kwa mwalimu mkuu muhula mzima huku madaftari yakirundikwa juu yake. Mimi nilikuwa mwalimu mgeni wa Kiswahili, na mgeni ndiye hupewa kazi isiyo na mwenyewe. Vitabu vilikuwa vizuri kwa macho: karatasi nzito, rangi zinazong'aa, majalada magumu. Ila kila kimoja kilikuja peke yake, nakala moja tu, na vyote vilikuwa vya Kiingereza. Shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili kuanzia Darasa la Kwanza hadi la Saba, na Kiingereza ni somo moja kati ya mengine. Kwa hiyo nilisimama mbele, nikafungua ukurasa, nikaonyesha picha ya dubu amevaa skafu kwenye theluji, nikaeleza kwa Kiswahili anachofanya. Watoto walifurahi, lakini aliyekuwa akisoma ni mimi. Wao walisikiliza, na wa nyuma hata picha hawakuiona.

Nisikisimange kilichotolewa kwa moyo mwema. Ndani ya boksi lile kulikuwa na kitabu cha meli, chenye michoro iliyoipasua meli ubavuni ukaona injini, jiko, vitanda vya mabaharia na shehena imepangwa chini. Hakikuwa na hadithi wala funzo, na mimi nilikiweka kando. Lakini baba za watoto wale ni wavuvi na makuli wa bandarini. Walikigombania mpaka jalada likabanduka, na mtoto mmoja akatusahihishia mchoro kwa kueleza jinsi baba yake anavyopanga magunia. Sikulitilia maanani sana wakati ule.

Vitabu vya hadithi vya Kiswahili vilikuwa adimu, na sababu zake zilijulikana. Kwa miaka mingi uchapishaji wa vitabu vya shule ulikuwa shughuli ya serikali. Wachapishaji binafsi walipoanza kupata nafasi mwanzoni mwa miaka ya tisini, waliogopa kuchapa hadithi za watoto, kwani mzazi wa kawaida alinunua kitabu pale tu mwalimu alipomwagiza. Mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Hesabu yake ilikuwa rahisi: Mradi unamhakikishia mchapishaji kwamba utanunua sehemu kubwa ya nakala, mchapishaji anathubutu kuchapa, na nakala zilizonunuliwa zinapelekwa mashuleni. Ndivyo tulivyoanza kuyafahamu majina kama Mkuki na Nyota ya Walter Bgoya, na E&D ya Elieshi Lema na Demere Kitunga. Vilikuwa vitabu vyembamba, vingine vimebanwa kwa pini mbili tu, picha zake nyingi ni za wino mweusi. Vilipotufikia vilikuja nakala kadhaa za kitabu kimoja. Kwa mara ya kwanza watoto watatu waliinamia ukurasa mmoja, na mmoja akawaambia wenzake wangoje, hajamaliza.

Hapo ndipo kuchagua kulipoanza, na tulichagua kama walimu. Tulikuwa watatu: mwalimu mkuu, mimi, na mwalimu mmoja mtu mzima aliyefundisha shule ile kabla sijazaliwa, au ndivyo alivyopenda kusema yeye. Kwanza tulitazama jalada la nyuma kama kuna ithibati ya EMAC, ile kamati ya serikali iliyoidhinisha vitabu vya shule mpaka ilipovunjwa mwaka 2013. Kisha tulifungua ukurasa wa mwisho kutafuta funzo. Mtoto mkaidi ameliwa na zimwi? Kinafaa. Mvivu amelala njaa? Kinafaa. Sisi wenyewe tulilelewa hivyo. Aliyesoma shule ya msingi nchini enzi zetu hajamsahau Bulicheka na mke wake Lizabeta, na hajasahau kwamba baada ya hadithi yalikuja maswali.

Maswali ndiyo yaliyotuchosha. Karibu kila kitabu kilimalizia kwa kuuliza hadithi inatufundisha nini, na watoto wana akili: waliona upesi kwamba majibu hayazidi manne. Inatufundisha kuwatii wazazi. Inatufundisha kutokuwa wavivu. Inatufundisha tusiwe na tamaa. Inatufundisha umoja ni nguvu. Mtoto mmoja wa Darasa la Tano alinyoosha mkono akajibu "kuwatii wazazi" hata kabla hatujafungua kitabu, na alipatia. Baada ya jibu darasa lilinyamaza, kila mtu akisubiri adhana ya alasiri ili aende zake.

Halafu ada zikafutwa mwaka 2001, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka uliofuata, na madarasa yakafurika. Klabu nayo ikafurika. Kwa miaka kadhaa hatukuuliza kitabu kinasema nini, tuliuliza tu kipo nakala ngapi. Nakala moja kwa watoto watatu ndicho kiwango tulichojiwekea. Ikizidi hapo, wa pembeni anaanza kuchora mezani. Mara nyingine nilikwenda Maktaba ya Mkoa, katika lile jengo lililojengwa kumkumbuka Mfalme George wa Sita, nikaazima walichokuwa nacho.

Yule mwalimu mtu mzima ndiye aliyesisitiza tusome *Adili na Nduguze*. Shaaban Robert ni wa kwetu, alizaliwa Vibambani, na mwenzangu aliona ni aibu mtoto wa Tanga kumaliza Darasa la Saba akimjua kama jina la barabara tu. Mimi nilipinga. Kitabu ni cha mwaka 1952, Kiswahili chake ni kizito, na nakala zilikuwa chache. Tukakubaliana tukisome kwa sauti, kipande kwa kipande kila Alhamisi, na Darasa la Sita peke yake.

Waliokisoma wanajua. Adili, liwali mwema kuliko wote, kila usiku huwapiga manyani wawili kwa kiboko, na moyo unamuuma. Baadaye tunaambiwa manyani hao ni ndugu zake wa tumbo moja, Hasidi na Mwivu, waliomfanyia uovu kwa wivu, na kwamba jini Huria ndiye aliyewageuza na kuamuru wapigwe.

Darasa liligawanyika pale pale. Mvulana mmoja alisema Adili hana kosa, ameamrishwa, na amri ya jini si ya kuchezea. Msichana aliyekaa dirishani akauliza: kwani jini anahesabu viboko? Si angevipiga ukutani tu, nani angejua? Mwingine akasema ndugu ni ndugu hata awe nyani. Mwingine, ambaye nyumbani kwao nilijua kuna kesi ya nyumba ya urithi, akasema kwa sauti ndogo kwamba kuna ndugu wanastahili. Mwenzangu akaongeza kuni: akawasimulia kwamba kisa hiki kina pacha wake katika *Alfu Lela Ulela*, ambako wanaopigwa ni mbwa. Wakaanza upya. Kwa nini Shaaban Robert aliwafanya nyani? Mtoto mmoja alijibu kwamba mbwa watu humpiga hata bila sababu, lakini nyani ana mikono, akijikinga utamwona kama mtu. Nimesoma uhakiki wa vyuo vikuu kuhusu kitabu hicho, na sijakutana na jibu lililolishinda hilo.

Adhana ilitukuta hatujamaliza. Ubishi uliendelea getini, ukafika majumbani, na wiki iliyofuata mama mmoja alinisimamisha sokoni kuniuliza huyo Adili anayepiga ndugu zake anakaa barabara ya ngapi.

Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Shaaban Robert hafichi funzo. Mtu aliyewapa wahusika wake majina ya Adili, Hasidi na Mwivu amekwisha kukuambia ufikiri nini kabla hujafika ukurasa wa pili. Kwa kipimo chetu cha zamani kitabu kile kingepita haraka kuliko vyote, kisha kingeuawa na swali la mwishoni. Kilichokifanya kiwe hai ni kwamba mtu mwema ndani yake anafanya kitu ambacho mtoto hawezi kukimeza.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kitabu ni moja: watoto watagombana ukurasa gani? Nisipouona ukurasa huo, kitabu sikitupi. Nakiweka kwenye rafu ya kuazima, na huko kinaweza kupendwa sana. Kile cha meli kingeishi huko kwa raha zake. Kitabu cha klabu kina kazi nyingine. Lazima watu wengi wakisome kwa pamoja, na kiwape sababu ya kutokukubaliana. Vitabu vingi vizuri havina sababu hiyo, na vichache vya hovyo vinayo. Nimewahi kuchukua cha hovyo makusudi.

Baadaye tuliwaachia watoto kura. Nasoma ukurasa wa kwanza wa vitabu vitatu, kila mtoto anaweka kizibo cha soda mbele ya anachokitaka. Mwanzoni walichagua chembamba kuliko vyote. Kisha wakachagua chenye jini. Kisha Abunuwasi, na tena Abunuwasi, mpaka ikabidi tumpumzishe muhula mmoja kwa amri ya mlezi. Kura zilitulia tulipoweka sharti kwamba kila kizibo kina maelezo: uliyekiweka, sema kwa nini. Wasichana ndio walioanza kuhoji kwa nini anayesafiri katika hadithi ni mvulana na anayengoja nyumbani ni dada yake, na kuanzia hapo vitabu kadhaa vilipoteza kura ukurasa wa kwanza tu.

Tulipoishiwa tulitazama ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Kenya Kiswahili kiliingizwa kwenye mtihani wa shule ya msingi mwaka 1985 pamoja na mfumo wa 8-4-4, na wachapishaji wakafuata soko. Jamaa wakienda Mombasa niliwaagiza. *Ndoto ya Amerika* ya Ken Walibora ilikuja hivyo, na mjadala wake ukageuka kuwa nani kwao ana mjomba Maskati na nani anamsingizia.

Mwaka 2014 lilipoanzishwa jukwaa la African Storybook, vitabu vikaanza kuja kwa simu yangu. Leseni zake zinaruhusu kunakili, kwa hiyo nachagua, napeleka steshenari, wanachapa, tunakunja na kubana wenyewe. Tatizo la nakala likapungua sana. Vingine vimetafsiriwa kwa haraka na Kiswahili chake kinachechemea, lakini leseni inaruhusu pia kurekebisha, na watoto wa Tanga hawahitaji ruhusa ya pili kumsahihisha mtu Kiswahili. Alhamisi kadhaa zimekwisha kwa kalamu nyekundu peke yake.

Februari 2023 Wizara ya Elimu ilipiga marufuku vitabu 16 mashuleni, vikiwemo vya *Diary of a Wimpy Kid*. Sisi hatukuwa nacho hata kimoja, lakini wazazi walikuja kuuliza tunawasomesha nini watoto wao, na walikuwa na haki. Tukaweka vitabu vyote mezani siku ya kikao. Wengi walifunua kurasa mbili tatu wakaridhika. Baba mmoja aliondoka na kimoja ili akikague, akakirudisha baada ya wiki tatu, kimesomwa na nyumba nzima. Maoni yangu ni kwamba orodha ya serikali haimpunguzii mlezi wa klabu kazi. Hakuna njia ya mkato: kitabu kinachoingia Alhamisi lazima mtu mzima awe amekisoma chote, hadi mstari wa mwisho. Jalada halikuambii kitu, na ithibati haikuwahi kuniambia ubishi uko wapi.

Wanafunzi wetu wa zamani sasa wana kazi Dar es Salaam na kwingineko, na huniuliza watume vitabu gani. Jibu langu ni hili, na nalitoa pia kwa msomaji mwenye shule ya msingi anayoikumbuka. Usitume vitabu hamsini tofauti. Nenda dukani, chagua kimoja cha Kiswahili, kisome mwenyewe hadi mwisho. Ukifika mahali usipokubaliana na mwandishi, au na mhusika, nunua nakala kumi na tano za kitabu hicho uzipeleke. Ukikimaliza na umekubaliana na kila kitu, mpe mwanao, kisha utafute kingine.