Kicheko cha Jikoni Nyanda za Buha

Msafiri atokaye Kigoma mjini huliacha nyuma joto la Ziwa Tanganyika, na kila kilima akipandacho humzidishia baridi. Afikapo Kasulu amekwisha kupanda zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Mbele yake, kupitia Makere, njia humfikisha Kibondo, wilaya yenye kata ya Murungu. Hii ndiyo nchi ya Waha: migomba kando ya nyumba, mashamba ya muhogo na maharage, na misitu ya miombo yenye mizinga ya nyuki.

Ndugu msomaji, mtu mwenye kalamu ya kuchorea hakosi kazi katika nchi hii. Na aanzie jikoni. Ugali wa muhogo huvutika, nao wataka mkono wenye nguvu. Mwili mzima wa mama husonga pamoja na mwiko. Maharage yameungwa kwa mawese, ambayo wekundu wake hauhitaji maelezo. Kando ya moto yupo mtoto ajifanyaye kulinda dagaa, kumbe anawapunguza. Na usiku bibi huwaleta jikoni sungura mwenye hila na fisi mwenye tamaa, ambao hawajapata kuzeeka.

Kisha kuna salamu. Kwa Waha, salamu si neno la kutupiana njiani. Asubuhi huanza kwa "mwakeye", halafu huulizwa wazee, watoto, shamba na mifugo. Hebu tuichore kwa picha tatu. Katika ya kwanza, mgeni anabisha hodi na ugali unafuka mvuke. Katika ya pili, salamu zimemfikia shangazi. Katika ya tatu zimewafikia mbuzi, mvuke umekwisha, na fisi wa hadithi anachungulia dirishani akingoja naye aulizwe hali.

Sanaa hii si ngeni kwetu. Katika gazeti la Uhuru, Christian Gregory alimchora Chakubanga, na wasomaji wakajiona wenyewe katika vituko vyake. Jarida la Sani likafuata, na humo Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, akawachekesha watu kwa Lodilofa na wenzake. Nchini Kenya, Edward Gitau alimchora Juha Kalulu katika Taifa Leo kwa miongo mingi. Lakini vichekesho vya namna hiyo aghalabu vilitazama mambo kutoka mjini: foleni, baa, ofisi, mwenye nyumba na mpangaji. Mtu wa shamba alipoingia katika picha, mara nyingi aliingia kama mshamba.

Hapo ndipo penye uzito. Wakati wa ukoloni Waha wengi walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga na kwingineko. Huko, mbali na jiko la mama yao, lafudhi yao na salamu yao ndefu viligeuzwa mzaha, na mzaha huo haujafa mijini hata leo. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam huusikia shuleni, kisha humwonea haya bibi yake afikapo na kifurushi cha muhogo mkavu.

Kicheko na kejeli hutumia kalamu ile ile. Tofauti ni mahali alipokaa mchoraji. Aliyesimama barabarani huona mtu anayechelewesha chakula kwa salamu. Aliyeketi jikoni huona kwamba kila jina linaloulizwa ni mtu ambaye hajasahauliwa. Wote wawili watachekesha, lakini mchoro wa pili ndio ambao bibi ataweza kuucheka pamoja na mjukuu wake.

Kwa hiyo, mzazi mfanyakazi, bibi ajapo kutoka Kasulu au Kibondo, mpe mtoto penseli na karatasi. Achore chungu, mwiko na fisi, kisha ampelekee bibi mchoro huo. Hapana shaka bibi atakuwa na la kusahihisha: chungu ni kidogo mno kwa wageni wa nyumba ile, na fisi amenona kupita kiasi, maana wa hadithi yake hajapata kushiba. Mtoto atafuta, atachora upya, naye ili achore vema itambidi aisikilize hadithi yote.