Tura, Mfumo Umefika Kabla ya Mwalimu

Treni ya Reli ya Kati ikishavuka vichaka vya Itigi, nchi inafunguka taratibu, miombo inachukua nafasi ya miiba, na unajua umeingia Unyamwezi. Hapo ndipo ilipo Tura. Waliopita kwa miguu waliijua hivyo hivyo: nyuma yao Mgunda Mkali, pori la siku kadhaa lisilo na maji ya uhakika, mbele yao vijiji na nafaka. Burton na Speke walipita mwaka 1857 wakielekea Kaze, Stanley akafuata mwaka 1871. Majina yao ndiyo yaliyobaki vitabuni, lakini wenye kuijua njia walikuwa wengine. Mtoto wa Kinyamwezi alianza mapema, amebebeshwa pembe ndogo ya ndovu katika msafara, nyuma ya baba au mjomba, na aliporudi kutoka Pwani alikuwa ameshajua visima viko wapi, hongo ya kupita hulipwa vipi na nani anaweza kuwa kirangozi, kiongozi wa msafara. Mafunzo yalikuwa safarini humo humo.

Nilikuja Tura kutazama kazi ya kompyuta inavyofanywa mahali ambapo hakuna ofisi yenye bango la TEHAMA.

Nilianzia kwa fundi simu. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, meza yake iko chini ya mwembe, paneli ya sola juu ya bati la jirani, betri ya gari miguuni. Juu ya meza kuna bisibisi ndogo, mswaki uliochakaa, chupa ya spiriti na kopo la maziwa ya unga lililojaa simu zilizokufa. Mama mmoja alifika na simu ya kitochi isiyoingiza chaji. "Mwangaluka," wakaamkiana. Kijana akaifungua, akasugua vumbi jekundu kwenye tundu la chaji, akapima kwa mita, akatikisa kichwa. Akachakura kopo mpaka akapata simu ya namna ile ile, akang'oa tundu lake, akalilehemu kwenye ya mama. Kifaa cha kulehemu kinakula betri, kwa hiyo hukiwasha mara chache na hufanya haraka. Taa ndogo ikawaka. "Elfu tatu, mama."

Alijifunza Nzega kwa mjomba wake, miezi ya mwanzo akifagia kibanda na kutazama tu. Cheti hana. Wakati huo huo ofisi ya kijiji humletea mashine ya POS ya kukusanyia ushuru ikigoma kuwaka, na walimu humletea vishikwambi. Nikamuuliza kuhusu kompyuta. "Kompyuta siigusi, kaka. Nikiharibu ya shule nitalipa na nini?"

Jibu hilo lilinikaa. Si uvivu wala woga. Ni fundi anayejua elimu yake imeishia wapi, na hakuna aliyewahi kuja kuiendeleza.

Katika shule moja kando ya njia, mwalimu mkuu alinitolea kishikwambi kilichofungwa kwenye kitambaa. Ni cha sensa ya Agosti 2022. Baada ya makarani kumaliza kuhesabu watu, vifaa vile viligawiwa walimu. Kwa kifaa hicho na kompyuta moja ya shule, mwalimu huyu anatakiwa kufanya kazi ambazo hapo zamani zingekuwa na mhasibu na ofisa ugavi. Hesabu za shule zinaingia kwenye mfumo wa FFARS. Manunuzi ya umma, tangu 2023, yamehamia NeST, nayo haibagui: mifuko ya saruji ya kukarabati choo cha shule inapita humo humo zinamopita barabara na madaraja. Kusudi lake ni jema na ninaliunga mkono, maana fedha inayoonekana ni ngumu kuibiwa. Lakini mwalimu alisomea Historia na Kiswahili.

"Semina ilikuwa siku mbili mjini," alisema. "Ukumbi umejaa, mtoa mada anaonyesha ukutani, sisi tunanakili kwenye daftari. Nimerudi hapa, mfumo ukakataa kwenye hatua ambayo sikuiandika." Sasa hufanya kazi hiyo usiku, mtandao ukiwa mwepesi, akipigiana simu na mwenzake wa kata ya pili ambaye naye anabahatisha.

Kinachoniuma ni kwamba mkoa huu wa Tabora unajua kufundisha kazi za namna hii. Makatibu muhtasari wengi wa ofisi za serikali nchini walipitia Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho leo ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Pale hukupata cheti kwa kuhudhuria. Ulikaa mbele ya mashine mpaka vidole vikaacha kuulizana, na hatimkato ilipimwa: maneno 80 kwa dakika moja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Aliyefaulu aliweza kupelekwa wilaya yoyote na kazi ikaenda. Tabora kuna Chuo cha Reli pia, na mahitaji ya wahitimu wake yanakuja kwa kasi, kwa sababu reli ya kisasa inayojengwa kutoka Makutupora, ambayo mkataba wake ulisainiwa mwishoni mwa 2021, itaongozwa na ishara za kompyuta. Atahitajika mtu wa kuzitunza huku porini, siyo Dar es Salaam.

Tunapozungumza juu ya wataalamu wa TEHAMA, mawazo hukimbilia waandika programu. Nao wanahitajika. Ila mkoa wa watu 3,391,679 kwa sensa ya 2022, wengi wao wakiwa vijijini, unahitaji kwanza watu wa katikati: karani wa chama cha ushirika anayejua kuingiza kilo za tumbaku bila kukosea, mtendaji anayeelewa POS yake, fundi anayethubutu kufungua kompyuta. Watu hao tayari wapo kazini. Wafundishwe kwenye kazi yao wenyewe, kwa wiki kadhaa, na mwalimu anayekaa nao mpaka hatua iliyogoma ipite.

VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani: mtu anapimwa, anajaziwa anapopungukiwa, anapewa cheti. Waashi na mafundi magari wengi wamepita njia hiyo. Nilimweleza yule kijana, hakuwa ameusikia. Akauliza nani atakalia meza yake akiwa chuoni, na nauli na chakula atalipiwa na nani. Meza ina mtu. Mdogo wake anashinda hapo kila siku akitoka shule. Nauli na chakula ni juu ya halmashauri, kwa kuwa POS zinazoletwa pale chini ya mwembe ni za kukusanyia mapato yake.