Rangi Haibebi Mzigo

Mwezi Januari mwaka huu, saa nne usiku, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Texas. Huko kwake ilikuwa saa saba mchana, naye alikuwa ameketi garini akila chakula chake kati ya kazi moja na nyingine. Mdogo wangu ni fundi wa viyoyozi. Ana vijana wawili aliowaajiri, trela moja la vifaa, na pikapu ya petroli iliyokwisha kumtumikia vya kutosha. Sasa alitaka kununua pikapu ya umeme. Tulipomaliza kusalimiana na kuulizana hali ya mama, akanitupia swali: "Kaka, wewe ndiye msomi wetu. Mtu akinunua gari la namna hii atazame nini kwanza, sura au teknolojia?"

Sikumjibu usiku ule. Nilimwambia anipe siku chache nisome. Ukweli ni kwamba niliona haya. Katika ukoo wetu hakuna mwenye haki ndogo ya kujibu swali hilo kuliko mimi, na yeye analijua jambo hilo kuliko mtu yeyote.

Mwaka 2013 nilikuwa nimerejea nyumbani na shahada yangu ya uzamivu. Mdogo wangu alikuwa na miaka mitatu tu Marekani, akipanga maboksi ghalani usiku. Alituma akiba yake yote ya mwanzo ili tumnunulie baba pikapu ya kubebea mpunga kutoka Turiani kwenda Morogoro mjini. Kazi ya kuchagua nilipewa mimi. Nilikwenda yadi moja Dar es Salaam nikiwa na fundi wa mtaani kwetu, tukakuta pikapu mbili za bei inayokaribiana. Moja ilikuwa nyeupe iliyofifia, viti vimechanika. Nyingine ilikuwa nyekundu, rimu zinang'aa, viti vimevikwa ngozi mpya. Fundi alijilaza chini ya zote mbili, akainuka akijipangusa vumbi, akaniambia kwa upole: "Daktari, hii nyekundu imepakwa rangi juu ya kutu. Chukua ile nyeupe." Nilimsikia, ila sikumsikiliza. Nilikuwa nimekwisha kumwona baba akiingia nayo kijijini na, niseme kweli, nilikuwa nimekwisha kujiona mimi pembeni yake.

Baada ya miezi minane chesisi ilikatika kwenye barabara ya kutoka Turiani kwenda Dumila, gari likiwa na magunia 12 ya mpunga, mvua ikinyesha. Hakuna aliyeumia. Mpunga uliloa, na gari likauzwa kwa bei ya chuma chakavu. Baba, ambaye alikuwa mwalimu mstaafu, hakunigombeza. Alisema tu: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe mwanangu umesoma mpaka shingo imekuwa ngumu kuinama." Mdogo wangu hakuuliza habari ya hata senti moja. Baba amekwisha kututoka, na maneno yake hayo ndiyo niliyokaa nayo nikisoma habari za pikapu za umeme za Wamarekani.

Nilianza na ile ambayo watoto wa mdogo wangu walikuwa wanaililia. Tarehe 21 Novemba 2019, kampuni ya Tesla ilionyesha Cybertruck huko Hawthorne, California: gari la pembe kali, bodi ya chuma kisichoshika kutu, halina rangi kabisa. Mbunifu wake mkuu, Franz von Holzhausen, alirusha tufe la chuma kwenye kioo kilichosifiwa kwa ugumu, nacho kikapasuka mbele ya umati. Akarusha tena kwenye kioo cha nyuma, nacho kikapasuka. Bei ya kuanzia iliyotangazwa jukwaani ilikuwa dola 39,900, na toleo la juu liliahidiwa kwenda zaidi ya maili 500, yaani kilomita 800, kwa chaji moja. Wanunuzi wa kwanza walipoanza kukabidhiwa tarehe 30 Novemba 2023, toleo la mota mbili liliuzwa dola 79,990 na masafa yake yalikuwa maili 340, takriban kilomita 547.

Ni rahisi kusema kwamba hapo sura iliuzwa na teknolojia ikasahauliwa. Haikuwa hivyo. Ndani ya gari hilo mna ufundi mkubwa: mfumo wa volti 48 badala ya volti 12 tulizozizoea, na usukani unaoyaamuru magurudumu kwa nyaya na kompyuta pasipo mtaimbo wa chuma kuyaunganisha. Hata sura yenyewe, kwa maelezo ya kampuni, ilitokana na ufundi, kwa kuwa chuma kigumu kiasi hicho hakikubali kukunjwa kwa urahisi kama bati la kawaida. Lakini mwezi Machi 2025 magari zaidi ya 46,000 yaliitwa yarudi kurekebishwa, kwa sababu ukanda wa chuma ulio pembeni mwa paa, uliogandishwa kwa gundi, ungeweza kubanduka gari likiwa mwendoni. Chuma hakikushika kutu, gundi ndiyo haikushika chuma.

Upande wa pili iko Ford F-150 Lightning, iliyoonyeshwa Mei 2021. Yenyewe ilichukua njia iliyo kinyume. Familia ya pikapu hizo za Ford imeongoza kwa mauzo ya pikapu nchini humo tangu mwaka 1977, na hii ya umeme ilifanywa ifanane na dada zake wa petroli kiasi kwamba jirani anaweza kupishana nayo asijue. Ubora wake ulikuwa mahali pasipopigwa picha. Betri yake inaweza kutoa kilowati 9.6 za kuendesha zana kazini na, kukiwa na vifaa vinavyotakiwa, kuwasha taa na jokofu la nyumba nzima. Hapo shemeji yangu aliingilia mazungumzo. Februari 2021 baridi kali iliikata Texas umeme. Nyumba na biashara zaidi ya milioni 4 zilikaa gizani, na watu zaidi ya 200 walifariki. Yeye alikaa siku tatu na mtoto mchanga ndani ya blanketi. Swali lake kwa gari lolote lilikuwa moja tu: umeme ukikatika tena, litatusaidia?

Hata hivyo, ufundi uliofichwa katika sura ya kawaida haukutosha kuliokoa gari hilo sokoni. Punguzo la kodi la hadi dola 7,500 kwa wanunuzi wa magari ya umeme lilikoma tarehe 30 Septemba 2025, na mwezi Desemba Ford ikatangaza kusitisha utengenezaji wa Lightning ya umeme mtupu. Kwa hiyo anayesema sura si kitu, na anayesema teknolojia hujiuza yenyewe, wote wawili soko limewaadhibu.

Nilipomweleza hayo mdogo wangu, nilielekea kumhubiria kwamba apuuze sura. Alinikatiza. "Kaka, wewe unaongea ukiwa nyumbani. Huku mtu mweusi akibisha mlango wa mteja asiyemjua, gari lake ndilo barua ya utambulisho. Likiwa chakavu, nafukuzwa kabla sijataja jina." Nilinyamaza, maana alikuwa na haki. Sura ya gari ni lugha, na maskini na mgeni huilipia zaidi kuliko wengine, kwa sababu wao hawapewi nafasi ya pili ya kujieleza. Tena lugha hiyo si ya mwenye gari peke yake. Mapema mwaka 2025, Elon Musk alipokuwa na nafasi katika serikali ya Rais Trump, watu waliandamana mbele ya maduka ya Tesla na baadhi ya magari yakaharibiwa. Wako wamiliki waliobandika maandishi nyuma ya magari yao kueleza kuwa waliyanunua kabla ya mambo hayo. Walinunua gari, wakajikuta wanatembea na bango la siasa ambalo hawakuliandika.

Sasa nije kwenye teknolojia, kwa sababu hapa ndipo wasomi tunapojidanganya. Tunadhani mtu anayetazama rangi ni mjinga, na anayetazama takwimu ni mwerevu. Lakini takwimu nayo hupakwa rangi. Kilomita 800 zilizotamkwa jukwaani mwaka 2019 zilikuwa rangi. Skrini pana kama meza ya kusomea ni rangi. Hata masafa yaliyopimwa kwa uaminifu hupimwa gari likiwa halivuti kitu. Majaribio mengi ya waandishi wa magari yameonyesha kuwa pikapu ya umeme ikivuta trela kubwa, masafa yake hushuka hadi karibu nusu. Si hila ya kampuni yoyote, ni maumbile ya hewa na uzito: trela pana husukumana na upepo, na betri hubeba nishati kidogo kuliko tangi la petroli lenye uzito uleule. Anayenunua pikapu kwa ajili ya trela, kisha akaamini namba iliyopimwa bila trela, amefanya kosa lilelile nililolifanya mbele ya rimu zinazong'aa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mdogo wangu lilikuwa kwamba swali lake limekatwa mahali pasipo. Sura na teknolojia zote ni ahadi, na ahadi hupimwa kwa mzigo. Katika gari la umeme maneno ya baba yamekuwa kweli kwa maana ya wazi kabisa, kwani betri, ambayo ndiyo moyo na sehemu kubwa ya gharama, imelazwa mvunguni. Tatizo ni kwamba siku hizi ukiinama utakutana na sanduku lililofungwa. Kuinama kwa leo ni kuuliza: dhamana ya betri ni ya miaka mingapi, na inakoma betri ikichoka kiasi gani? Fundi aliye karibu anaruhusiwa kulifungua, au programu imemfungia nje? Nikifunga trela langu mwenyewe, nikapita njia zangu mwenyewe, nitafika?

Nayaandika haya kwa wasomaji wangu wa nyumbani kwa sababu zamu yetu imekaribia. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia uingizaji wa magari ya watu binafsi ya petroli na dizeli. Rwanda tangu Januari 2025 haisajili pikipiki mpya za petroli za kubebea abiria jijini Kigali. Nasi, tuliozoea kupima ukubwa wa ofisa kwa ukubwa wa shangingi lake, tutaletewa wauzaji wenye vitabu vya picha. Wewe mtumishi wa umma utakayeketi kwenye kamati ya manunuzi ya halmashauri, usiulize gari lina skrini ngapi. Uliza litafika zahanati ya mwisho ya wilaya mwezi Aprili likiwa na dawa, na litarudi. Uliza kama fundi wa wilaya atafundishwa, kama dhamana iliyoandikwa ng'ambo itaheshimiwa hapa, na betri ikifa nani ataichukua. Mimi nilikosea kwa fedha za ndugu mmoja, aliyenisamehe. Wewe ukikosea, ni kwa fedha za watu ambao hawatajua hata jina lako ili wakusamehe.

Mdogo wangu alikodi pikapu ya umeme kwa siku mbili. Jumamosi alifunga trela lake, akapakia viyoyozi vinne, akazunguka njia ya siku yake ndefu kuliko zote, kilomita 130. Namba kwenye skrini iliporomoka kama tulivyotarajia, lakini alirudi nyumbani na chaji ikiwa imesalia. Baada ya wiki tatu alinunua moja iliyotumika, ya sura ya kawaida, safi, rangi ya kijivu, ambayo mteja wake hataiogopa wala kuidharau. Watoto walinuna siku moja. Shemeji amekwisha kupanga jokofu litachomekwa wapi.

Picha ya kwanza aliyonitumia aliipiga akiwa amelala chini ya gari. Nilimpigia simu, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule nikamwomba radhi kwa ajili ya pikapu nyekundu. Alikaa kimya kidogo, kisha akacheka. "Kaka," akasema, "mpunga ule ulikwisha kuota. Niambie, mama anaendeleaje na mguu?"