Lugha ya Kompyuta Inapobadilika

Mkoa wa Manyara ulipotengwa na Arusha mwaka 2002, Babati yetu ikawa makao makuu yake. Hata hivyo, karani akiletewa hati ya zamani iliyoandikwa "Babati, Mkoa wa Arusha", huisoma, akaelewa, kazi ikaendelea. Kompyuta haina busara hiyo.

Katika klabu yetu twajifunza Python, lugha ya kuiagizia kompyuta kazi, ambayo Guido van Rossum aliitoa mara ya kwanza mwaka 1991. Kitabu chetu ni cha toleo la 2. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, nalo lilivunja makusudi baadhi ya kanuni za zamani. Kwa mfano, neno print, la kuonyesha jibu, zamani liliandikwa bila mabano. Sasa mabano ni lazima. Ukiyaacha, mashine hukataa na kukuonyesha mstari wenye kosa. Jambo hili laudhi, lakini halidhuru.

Lililonitia wasiwasi ni kugawanya. Niliandika programu fupi ya kutafuta wastani wa alama 64 na 71. Jumla ni 135, nikaigawa kwa 2. Toleo la 3 likanipa 67.5. Kwenye kompyuta kuukuu yenye toleo la 2, programu ile ile, pasipo kubadilishwa hata herufi moja, ikanipa 67. (Mabano niliyaweka, maana toleo la 2 huyakubali pia.) Mashine haikunung'unika hata kidogo! Basi fikirini mwanafunzi mwenye 67.5 akiandikwa sawa na mwenzake mwenye 67, na ripoti ikapelekwa nyumbani. Nani angeshtuka?

Sisemi lugha isibadilike. Jibu la 67.5 ndilo la kweli, na toleo jipya lilifanya vema kulitoa. Lakini badiliko la kimya lahitaji muda mrefu zaidi kuliko lile lenye kelele, na watunzaji wa Python walilazimika kuutoa. Walikuwa wamekusudia kuacha kulitunza toleo la 2 mwaka 2015. Wakasogeza hadi tarehe 1 Januari 2020, kwa kuwa wengi walikuwa hawajahama. Wako wanaosema huo ulikuwa uvivu. Nadhani hao hawajapata kusoma kwa kitabu kimoja watu sita.

Tangu Oktoba 2020 toleo jipya hutoka kila mwaka, mwezi huo huo, na kila moja hutunzwa kwa miaka mitano. Kitu kikitakiwa kuondolewa, kwa kawaida maonyo hutolewa kwanza katika matoleo yasiyopungua mawili. Mpango huu naupenda, maana mtoto akiingia kidato cha kwanza mwezi Januari na toleo la Oktoba iliyopita, atamaliza kidato cha nne likiwa bado linatunzwa.

Kitabu chetu hatukukitupa. Kwenye ukurasa wa kugawanya tumebandika karatasi: andika 2.0 mahali pa 2, na matoleo yote mawili yatakupa 67.5.