Hesabu Niliyoikosea

Kwa zaidi ya miaka thelathini nilifundisha hesabu, na mwishowe nikawa mkuu wa chuo cha ualimu. Walimu wengi walitoka mikononi mwangu wakijua kugawanya. Hata hivyo, nilipokwisha kustaafu, kugawanya huko huko ndiko kulikonishinda.

Mwaka 2019 benki mbili za Kenya, NIC na CBA, ziliungana zikawa NCBA. Hisa za NIC ziliuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi, na benki hiyo ilisifika kwa mikopo ya magari. CBA haikuwa sokoni, lakini ndiyo iliyoanzisha M-Shwari pamoja na Safaricom mwaka 2012, watu wakakopa kwa simu. Rafiki yangu, mwalimu mstaafu kama mimi, akaniuliza, "Mwalimu Mkuu, nitie kiinua mgongo changu humo?" Nikamjibu bila kusita, "Tia. Wawili wakishikana, nguvu huzidi."

Laiti ningalishika kalamu kwanza! Wenye hisa wa NIC walibaki na asilimia 47 ya kampuni mpya, na wa CBA wakapata 53. Hisa zilizokuwa milioni 704 hivi zikawa karibu milioni 1,500. Kwa hiyo, hata faida ikiongezeka maradufu, walaji nao wamekwisha ongezeka. Mwaka 2020 tukapewa hisa 1 ya bure kwa kila hisa 10, nami nikashangilia nyumbani. Kumbe mkate ni ule ule, umekatwa vipande vingi zaidi.

Mwaka huo huo korona ikaingia. Wakopaji wakashindwa kulipa, faida ya benki ikashuka hadi shilingi bilioni 4.6 hivi, yaani chini ya shilingi 3 kwa kila hisa, na bei sokoni ikaanguka. Rafiki yangu, ambaye bintiye alidaiwa karo ya chuo, akauza hisa zake zote kwa hasara. Mimi sikuwa na dharura, nikatulia. Mwaka 2021 faida ikapita bilioni 10, na mwaka 2023 ikapita bilioni 21. Kwa kila hisa, hiyo ni kama shilingi 6, kisha 13.

Huenda msomaji akasema kwamba basi ushauri wangu ulikuwa sahihi. La, haukuwa. Kampuni zikiungana, gharama hutangulia faida: matawi yanayokaribiana hufungwa, mitambo ya kompyuta huunganishwa, wafanyakazi hupangwa upya. Mambo hayo hutaka miaka. Nami, niliyemjua rafiki yangu na watoto wake kwa majina, sikumwuliza kama ana miaka hiyo ya kungoja.

Hajanilaumu hata siku moja. Hupita kwangu Jumamosi, tukanywa chai, tukazungumza habari za mvua na mahindi. Ukimya wake juu ya jambo hilo hunielemea kuliko lawama.

Siku hizi mtu akiniuliza habari za hisa za kampuni zilizoungana, humwambia atazame idadi ya hisa, faida ya kila moja, na mikopo isiyolipwa. Lakini kabla ya hayo yote humwuliza, "Fedha hizi utazihitaji lini?" Wengine hunyamaza kidogo, kisha huzirudisha mfukoni.